Nyigu wa Mipaini ya Lumuma

Lumuma, 4 Machi 2024

Mwanangu Agatha,

Hujambo? Kazi ya bustani ya miche hapo Mikumi inaendaje? Sisi wazima, goti tu linanisumbua.

Mipaini ya kikundi chetu cha akina mama inakufa. Inaanza kuwa njano kileleni, kisha inakuwa kama kutu. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Ulimboka, anasema ni Lenku mfugaji aliyemwaga sumu, kwa sababu tulimzuia kupitisha ng'ombe shambani mwetu. Mkutano ujao wanataka kumfukuza na watoto wake. Mimi siamini, lakini niko peke yangu.

Mama yako, Magreti

Mikumi, 9 Machi 2024

Mama, shikamoo. Pole na goti.

Tazama magome. Ukiona matone ya utomvu na matundu ya duara kama yaliyotobolewa kwa keekee, mwenye kosa ni nyigu. Jike ana sindano ndefu. Anatoboa mti uliodhoofu, anaacha yai pamoja na kuvu aliyoibeba mwilini. Kuvu inakausha mti na kulainisha mbao, funza wake anapata chakula. Mti wenye nguvu hulizamisha yai kwa utomvu, ila mipaini yenu imebanana mno, imekosa nguvu. Kateni iliyougua, muichome, mpunguze msongamano. Lakini kwanza pasueni gogo mbele ya watu.

Mwanao, Agatha

Lumuma, 20 Machi 2024

Mwanangu,

Salamu baadaye! Niliingia mkutanoni na gogo begani. Ulimboka akacheka, "Mama Agatha umeleta kuni?" Nikamwambia, "Pasua wewe mwenyewe." Alipasua. Ndani madoa ya kahawia ya kuvu, vijia vimejaa unga, na funza wanene weupe. Nikauliza, "Lenku ndiye aliyewatia humu?" Ulimboka akaweka shoka chini, akaenda kumshika mkono Lenku, aliyekuwa amesimama pembeni. Kesho tunaanza kukata.

Mama yako

Lumuma, 2 Februari 2025

Agatha wangu,

Habari za siku nyingi? Nisamehe kimya, mikono ilikuwa kazini. Tulikata, tukachoma, Lenku na vijana wake wakiburuta magogo kwa punda. Tangu mvua za vuli hakuna hata mti mmoja uliogeuka rangi. Iliyobaki imenenepa, na ukiikwaruza utomvu unatiririka.

Sasa wenzetu wa kijiji cha Malolo wameona mipaini yao inaanza kuwa njano, wametuita. Jumamosi naenda kuwafundisha. Lenku amesema atanipeleka, na Ulimboka ameomba abebe magogo nitakayopasua huko.

Mama yako, mwalimu wa nyigu