Mzinga wa Hana

Sepuka, Jumapili

Dada Hana,

Shikamoo. Huko Rungwa mvua zimefika? Naandika kwa sababu nikipiga simu shemeji hupokea mwenyewe, na kila mara anasema umelala.

Mzinga ulioutundika kabla hujaolewa umeingiwa na nyuki. Klabu yetu ya wasichana ndiyo inautunza. Nimeuandika jina lako.

Wiki jana walikuja wageni kuniposa. Nikawaambia kama tulivyofundishwa klabuni: namaliza shule kwanza. Wakaondoka, baba akaninunia.

Jana alikuja kwenye mizinga, akasoma jina lako, akaniuliza:

"Hana alisemaje wageni wake walipokuja?"

"Baba, hakuna aliyemuuliza."

Leo ameninunulia bahasha hii.

Bado nalala upande wangu tu wa kitanda chetu, dada.

Mdogo wako,
Asnath