Mche wa Mwadi na Mikono Yangu Miwili

Jette, Bruxelles
14 Juni 2016

Mpendwa shemeji Kalenga,

Nakusalimu kwa heshima inayokustahili, wewe na nyumba yako yote. Goti lako linaendeleaje tangu ulipoteleza kwenye ngazi za kanisa? Na mahindi, je, yalikauka vizuri shambani au mliyavuna na unyevu wake kama mwaka jana? Sisi huku tunaishi. Jua limechelewa, na bado navaa koti la mvua mwezi ambao vitabu vinauita kiangazi.

Barua yako nimeipata. Umeuliza kwa maneno machache, kama mtu anayeogopa jibu, iwapo ni kweli nimekamatwa kwa kuuza bangi, na iwapo nimemzoeza dada yako kuivuta. Nakujibu wazi. Sikukamatwa. Siuzi. Na dada yako hajavuta kitu chochote maishani mwake. Ila polisi wameng'oa mche uliokuwa kwenye balkoni yetu, na nimeitwa kuhojiwa wiki ijayo. Nimekasirika, shemeji, na hasira hiyo utaiona humu. Nivumilie.

Najua habari ilikufikia kwa njia gani. Maman Euphrasie anasuka nywele katika Galerie d'Ixelles, na neno likiingia kwake asubuhi, jioni liko kwenu Likasi. Nilimfuata pale pale saluni, mbele ya wateja wake. Akaniambia, bila hata kuweka kitana chini: "Papa Numbi, mi sikusema unauzisha diamba. Nilisema banasema unauzisha." Wanawake wote wakacheka, nami nikatoka. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ndani ya tramu.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Unajua kwamba saratani ya titi ya dada yako ilipona, na tulimshukuru Mungu. Usilolijua, kwa sababu alinikataza kuliandika, ni kwamba zile dawa za saratani ziliharibu neva za mikono. Mchana vidole vyake vimekufa ganzi, kikombe kinamponyoka. Usiku vinawaka kana kwamba amevitia kwenye jiko la makaa. Vidonge alivyopewa vilimfanya asahau majina ya watoto wa binti yetu Anaïs, na maumivu yakabaki pale pale. Kwa miaka miwili nilimsikia akitembea chumbani, akipuliza vidole vyake.

Mgonjwa mwenzake, mama mmoja Mfaransa, ndiye aliyemwelekeza kwenye mmea huu. Mwadi alikataa. Alisema kwetu bangi ni ya wahuni wa stesheni, na kwamba wewe, Kalenga, ungemcheka. Mimi nilisoma kwanza, kama ilivyo tabia yangu, karibu miezi mitatu. Kisha nikapanda mche mmoja, nikayapika maua yake taratibu katika mafuta ya mawese, na kila usiku nikawa nampa kijiko kidogo juu ya kipande cha bukari, ugali wetu. Wiki ya pili alilala mpaka kengele za parokia zikamwamsha. Aliniuliza kwa nini nimemwacha achelewe misa.

Utauliza: sheria inasemaje? Ndilo linalonichoma. Sheria ya hapa inakataza kulima mmea huu. Lakini tangu mwaka 2005 kuna agizo kwa waendesha mashtaka kwamba mtu mzima akikutwa na mche mmoja, kwa matumizi yake mwenyewe, bila kumsumbua mtu, kesi yake iwekwe chini kabisa ya rundo. Hiyo si ruhusa, ni kufumba jicho. Kuhusu wagonjwa agizo halina neno. Duka la dawa lina dawa moja ya kupuliza mdomoni iliyotengenezwa kwa mmea huo huo, lakini imewekwa kwa ugonjwa mwingine, si kwa mikono ya Mwadi. Daktari wake, mtu mwema, alifungua mikono yake miwili juu ya meza na kunionyesha kwamba haina kitu.

Yashike maneno haya: kwa matumizi yake mwenyewe. Nilikuwa nimeyasoma mara nyingi, na sikuyaelewa mpaka siku ile.

Mwezi wa tano Anaïs alihamia kwetu ili amsaidie mama yake kuoga na kuvaa. Ukihama hapa unajiandikisha kwenye ofisi ya komuni, kisha polisi wa mtaa anakuja kuhakikisha kwamba kweli unalala pale. Akaja kijana mpole, mrefu, kofia mkononi. Alitazama jina kwenye kengele, akamwona Anaïs nyuma yangu, akasema inatosha. Kazi yake ilikuwa imekwisha pale mlangoni.

Ni mimi niliyemwingiza. Wewe umelelewa kama mimi, utanielewa. Mgeni aliyetumwa na serikali kuja kuuliza habari za mtoto wangu, nimwache asimame kwenye ngazi kama mchuuzi? Nikamwambia aketi. Nikampa chai. Na kwa kuwa alikuja kuona kama kweli Anaïs analala kwetu, nikamtembeza: chumba chake hiki hapa, jiko hili hapa, na huku, bwana, ni balkoni yetu, mboga zetu, lengalenga hii, matembele haya. Anaïs alikuwa akinifanyia ishara kwa macho. Nilidhani anataka nimwongezee mgeni sukari.

Kijana aliutazama mche uliosimama katikati ya mboga. Aliniuliza kwa upole, na sasa naamini alikuwa akinifungulia mlango nitokee: "Huu ni wako, bwana? Unavuta wewe mwenyewe?" Nami nikamjibu kwa ufahari wa mtu asiye na cha kuficha. Nikasema hapana, mimi sivuti, ni wa mke wangu mgonjwa, mimi ndiye ninayeulima, mimi ndiye ninayempikia dawa. Akafumba macho kidogo. Akasema: "Basi hapo, bwana, unamlimia mtu mwingine."

Umeona, shemeji? Kama ningesema mimi ni mzee mvutaji, ninavuta kwa starehe kila jioni huku miguu iko juu ya kiti, angeandika mistari michache, labda tusingesikia tena habari yake. Kwa kuwa nilisema ni dawa ya mke wangu, nimekuwa mtu anayempa mwingine kitu kilichokatazwa. Starehe inafumbiwa jicho, uuguzi unafunguliwa faili. Nimesoma sheria nyingi katika miaka yangu sabini na moja, za Wabelgiji kwetu na za Wabelgiji kwao, na sijaona sentensi iliyonidharau kama hiyo. Ndoa yetu ina miaka arobaini na nne. Kwa sentensi hiyo, Mwadi ni "mtu mwingine."

Na usiniambie kwamba haiwezekani kuandika vizuri zaidi. Ziko sehemu za Marekani ambako mgonjwa anamtaja mtu wa kumlimia, mtu huyo anaandikishwa, anaambiwa miche mingapi na aifungie wapi. Si peponi huko. Lakini walau kuna mtu aliyefikiri kwamba mgonjwa anaweza kushindwa kuinua ndoo.

Polisi alipoondoka, Anaïs alinikemea kama mtoto wake. "Papa, ule muntu alikuya tu kuona kama niko nalala hapa. Juu ya nini unamupeleka mpaka ku balcon? Hata curé wa parokia haumuonyeshe balcon." Siku ya pili walikuja polisi wawili wasiotaka chai, wakaung'oa mche na mizizi yake, udongo ukamwagika juu ya lengalenga.

Mafuta yaliyobaki yalikwisha siku chache baadaye. Sasa anatembea tena chumbani usiku.

Wakili kijana, binti wa Jean-Marie wa Bukavu, amenishauri niseme wiki ijayo kwamba nilikosea Kifaransa, kwamba mche ulikuwa wangu na ninavuta. Ni ushauri wa upendo. Lakini Kifaransa changu hakina kosa, na sitaapa kwamba nililima kwa ajili yangu kitu nilichokilima kwa ajili yake. Nitasema nilichosema kwenye balkoni. Wakitaka kuniadhibu, waandike sababu kwa mkono wao.

Dada yako naye ameamua lake. Jumapili moja, baada ya misa, alimwambia Anaïs amtolee chungu na mbegu iliyobaki. Nilisogea nimsaidie. "Numbi, simama kule," akasema. "Sheria inataka mukono ya mugonjwa. Basi iko hii." Alichimba shimo kwa kifundo cha mkono, kwa sababu ncha za vidole hazisikii kitu. Mbegu ilimponyoka, akaitafuta sakafuni, ikamponyoka tena. Nilipoinama aliniangalia jinsi alivyokuangalia siku ile ulipotaka kumlipia nauli ya kwenda harusini kwake mwenyewe. Nikasimama wima, mikono nyuma.

Tangu siku hiyo kila asubuhi anamwagilia kwa kijiko cha chai, maji mengi yakiishia kwenye nguo yake, na mimi nasimama kando yake, mwanaume mwenye mikono miwili mizima, nikitii. Hilo ndilo lililobaki la amani yangu na nchi hii.

Nisalimie mke wako Hidaya na mama mkubwa Mauwa, mwambie bado navaa sweta lake. Waambie watu wa parokia yenu ukweli huu wote, hata jina la mmea. Mungu awalinde, awape usingizi, zawadi ambayo sikuijua bei yake.

Mwadi anakusalimu sana. Alitaka kukuandikia mwenyewe mstari mmoja hapa chini, na nilimwachia nafasi. Lakini leo mkono wake umekwisha nguvu kwenye chungu.

Shemeji yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Numbi