Mbao za Miaka Saba

Njombe,
17 Julai 2025

Kwako dada Erica,

Kuna mlio ambao hautoki masikioni mwangu tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa mtu anayevunja bua bichi la mahindi gotini, mara moja tu, halafu vikafuata vishindo vingine vyote.

Kamwene, dada. Najua nimetanguliza habari kabla ya salamu, nisamehe. Natumaini huko Makambako mmeamka salama na kifua cha mtoto wetu Faustine kimetulia, maana baridi ya mwaka huu haina huruma. Huku asubuhi majani ni meupe kwa sakitu. Mimi mwili ni mzima.

Umeshasikia kwamba paa la wodi ya wazazi anayoijenga shemeji Benno, mbele kidogo ya Kifanya, lilianguka, na fundi Rabson akafa. Shemeji amekuambia ni upepo. Mimi nilikuwepo, dada. Siku ile moshi wa mama ntilie aliyewapikia mafundi ulikuwa unapanda wima.

Nilikwenda na wakaguzi wa halmashauri, nikiwa afisa manunuzi. Rabson alikuwa juu anapigilia bati. Alinitania kwamba sisi wa ofisini tunakagua majengo kwa kuangalia viatu vyetu visichafuke, akataka nipande nikaone kazi. Nikamjibu kwamba nitapanda siku atakayonishonea suruali. Wenzake wakacheka sana. Kisha akainama, akaniambia bila utani kwamba kenchi zile zinazobeba paa ni za paini za miaka saba, umri wa mtoto wa darasa la kwanza, na bado zinatoa utomvu. Alishamwambia bosi, akajibiwa apigilie tu. Nilikuwa natafuta ukurasa mweupe niyaandike hayo, ndipo mbao ilipolia.

Mkewe, Dorosela, alifika akiwa bado na jembe mkononi.

Zabuni ile shemeji aliishinda mbele ya macho ya wote. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote na vigezo alitimiza. Nasiri, mkandarasi wa huko kwenu aliyeweka bei ya mbao zilizokomaa, alinipigia simu baada ya matokeo akauliza kwa upole kama serikali sasa inanunua kenchi au kuni. Nilimsomea kanuni. Akanishukuru, akakata.

Msibani shemeji alibeba jeneza kutoka nyumbani hadi kaburini, hakukubali kupokewa. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini baadaye alinivuta pembeni akasema kwamba upepo wa Julai wa Njombe hakuna asiyeujua, na kwa kuwa taarifa ya ajali naiandika mimi, niandike upepo. Akasema nikufikirie wewe na watoto. Nimekufikiria siku zote hizi, dada, hadi nimeshindwa kula.

Sasa nikuambie nisilomwambia hata padri. Oktoba mwaka jana, kabla zabuni hazijafunguliwa, Benno alinijia na lile gunia la viazi ulilonitumia. Alisema hataki nimpendelee, anataka tu makadirio ya mhandisi, ile bei ya siri ya halmashauri. Mzabuni akishuka mno chini ya hapo huitwa ajieleze, na wengi huondolewa. Anayeijua anajua mahali pa kusimama. Nikakataa. Akacheka, akasema shemeji gani huyu, anakula viazi vya mtu halafu anamnyima tarakimu. Alipoondoka nilimkumbuka akimbeba mama mgongoni kutoka kitandani hadi kwenye gari, siku ile wewe na mimi tulipokuwa tunalia tu. Kesho yake nikamtumia tarakimu kwenye simu, bila salamu. Akashuka hadi ukingoni kabisa, na kwa bei ile hakuna mbao iliyokomaa ambayo angeweza kununua.

Wakati wa tathmini kila mhusika husaini tamko kwamba hana undugu na mzabuni yeyote. Nilijiambia kuwa Benno ni wako, si wangu. Nikasaini.

Taarifa ya upepo sikuiandika. Jana saa tatu asubuhi nilikwenda TAKUKURU, nikaandika maelezo kurasa sita, jina langu likiwa la kwanza na la Benno la pili. Simu yangu wameichukua kwa sababu ujumbe ule bado umo. Mimi wameniachia kwa dhamana.

Wasalimie watoto, na shangazi Tausi hapo jirani. Mwombe alale kwako usiku wa leo.

Barua hii nimemkabidhi Salha anayekuja huko kufuata mzigo wake, nikamsihi asikupe kabla ya saa kumi jioni. Nimefanya hivyo makusudi, dada. Ningekuwahi, ungemwambia Benno akimbie. Wa TAKUKURU walipanga kufika kwenu saa nane.

Ni mimi mdogo wako,
Conjesta