Kioo cha Njano

Jumatatu, 19 Juni 2023
Tasnifu imejalidiwa. Kurasa themanini na mbili. Ijumaa naitetea mbele ya jopo. Mama ameshapata mayai ya keke — foleni ya masaa manne, na anataka nilijue hilo.

Jumanne, 20 Juni
Nimefanya mazoezi jikoni. Mama alikuwa anachagua mchele. Nikamweleza: ndani ya kitu kigumu elektroni zina mikanda miwili ya nishati. Wa chini umejaa, wa juu mtupu, katikati pana pengo. Mwanga wenye nguvu ya kuzirusha elektroni juu ya pengo humezwa. Usio na nguvu hiyo hupita tu. Utando niliotengeneza juu ya kioo changu una pengo dogo, elektronivolti 1.7. Kwa hiyo unameza karibu rangi zote.

"Basi ni cheusi," Mama akasema.

Karibu cheusi, nikamjibu, nikampa kioo.

Akakiinua dirishani. "Mbona cha njano kama kastadi? Macho hayana pazia, mwanangu."

Njano! Yaani kinameza buluu tu. Yaani pengo ni kubwa, kama 2.4. Nimekaa nacho miezi mitatu nikitazama grafu.

Jumatano, 21 Juni
Nimepekua daftari la maabara. 7 Machi umeme ulikatika nikiwa nabadilisha vioo. Uliporudi nikapima nikidhani nimeshabadilisha. Ndani ya mashine kilikuwamo bado kioo cha Reinier, mwenzangu wa maabara, cheusi kama kitako cha sufuria. Hesabu zangu zote zinatoka hapo.

Reinier amecheka mpaka akakaa chini. "Dada Maidelis, umenipimia changu bure."

Kupima upya hakuna. Taa ya mashine iliungua Mei, nyingine inaagizwa nje. Nikiahirisha, ile nafasi ya kazi niliyoahidiwa maabara anapewa mwingine. Msimamizi wangu, Dkt. Zoraida, anastaafu mwezi ujao, mimi ndiye mwanafunzi wake wa mwisho. "Tetea ulichoandika," kasema. "Jopo linasoma karatasi, halitazami vioo."

Naona aibu. Leo sikula.

Ijumaa, 23 Juni
Naandika koridoni. Nimemaliza kuisoma tasnifu, jopo limekwenda kunywa kahawa. Nimetaja 1.7 mara tisa bila kupepesa jicho. Hakuna aliyepinga. Dkt. Argüelles, mzee wa jopo, kauliza tu kwa upole kama kioo chenyewe kipo. Miaka arobaini kazini, bado anapenda kuvitazama vioo.

Nikasema kipo. Kiko mfukoni.

"Basi tukirudi utatuonyesha, binti yangu."

Dkt. Zoraida kapita hapa sasa hivi. "Sema kimevunjika." Hakunitazama.

Umeme umekatika tena. Ukumbini madirisha yamefungwa ili picha za projekta zionekane ukutani, sasa kumebaki giza. Mama yumo mstari wa nyuma, keke mapajani. Nimeingia humo, nikakitoa kioo, nikakitazama. Gizani ni cheusi kabisa. Hata Argüelles asingejua.

Wanarudi. Nimemwambia Mama aweke keke chini, afungue madirisha.