Vema Niliyompa Nyemo

Jumanne, 17 Septemba

Shule imefunguliwa. Madawati yamejaa vumbi, upepo wa Dodoma hauendi likizo. Kipindi cha kwanza Historia, Kidato cha Kwanza. Cha tatu Hesabu, Kidato cha Pili B.

Ndiyo, Hesabu. Mimi, mwalimu wa Historia miaka ishirini na mbili, niliyepata F ya Hesabu nikamshukuru Mungu kwamba tumeachana salama. Mwalimu wa somo yuko likizo ya uzazi. Mkuu wa shule aliniambia, "Madam Sekela, shikilia kidogo tu." Kidogo chenyewe kina mwezi wa tatu sasa. Nasoma asubuhi, nafundisha mchana, jioni nimeshasahau.

Leo ilikuwa kufungua mabano yenye kipeo cha pili. Ukurasa wa kitabu changu umechanika nusu, nikamalizia kwa akili yangu. (a + b)² ni a² + b². Safi, haina kona wala msukosuko. Nikauliza, "Mmeelewa?" Watoto sitini na mmoja: "Ndiyooo, Madam!" Nimetoka darasani natembea kama mwanahisabati.

Alhamisi, 19 Septemba

Jaribio dogo. Fungua (x + 3)². Wote wameandika x² + 9, isipokuwa Nyemo. Yeye kaandika x² + 6x + 9. Hiyo 6x kaitoa wapi, kwa shangazi yake? Nimempiga mkasi mwekundu wa kosa.

Nyemo ni yule msichana wa dirishani, wa hapa hapa Mkonze. Baba yake analima zabibu. Kwenye Historia yangu hajawahi kuvuka thelathini na tano. Nimeandika pembeni: Sikiliza darasani.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimerudisha karatasi. Nyemo akasimama. Mtoto haongei mwaka mzima, leo kasimama.

"Samahani, Madam. Ukiweka mbili kwenye x, inakuwa tano mara tano, ishirini na tano. Ya kwako inaleta kumi na tatu."

Ya kwako! Darasa likacheka. Nikasikia joto mpaka masikioni. Nikamwambia kama anajua kufundisha akafundishe nje. Akatoka, akasimama juani mpaka kengele. Watoto wa siku hizi wamelelewa na simu, heshima hawana.

Hata simu hana yule. Naandika tu kwa hasira.

Jumamosi, 21 Septemba

Siku ya kufua. Nilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko, ile tano mara tano ikanijia yenyewe. Ishirini na tano. Mbili mara mbili nne, tatu mara tatu tisa, jumla kumi na tatu. Nikasema hapana, labda mbili ina matatizo. Nikaweka moja na moja. Mbili mara mbili ni nne. Moja na moja ni mbili. Nikajaribu kumi.

Yalaa!

Nimekaa juu ya ndoo nguo zikiwa ndani ya maji. Watoto sitini wana uongo wangu kwenye madaftari yao, na mtihani wa taifa wa kidato cha pili uko mwishoni mwa Oktoba. Mmoja hakuwa nao. Huyo ndiye niliyemtoa nje.

Jumatatu nitasahihisha. Lazima.

Jumatatu, 23 Septemba

Sikusahihisha. Mwalimu Mushi wa taaluma alikuwa anapitapita kwenye korido.

Jumatano, 25 Septemba

Sikusahihisha. Nimefundisha takwimu badala yake. Hakuna aliyekuwa koridoni leo. Mwoga mimi, basi.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimesahihisha madaftari ya kazi ya nyumbani niliyokuwa nimeikalia wiki nzima. Fungua (x + 4)². Vema, vema, vema, mkono unakwenda wenyewe kwa mazoea, akili iko kwenye maharage jikoni. Daftari la Nyemo: x² + 16. Vema.

Kisha nikaona karatasi imechubuka. Amefuta. Nikaliinua daftari kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya x² + 16 kuna alama za penseli: x² + 8x + 16. Alipata. Alipata yote, akafuta, akaandika ya kwangu ili apewe vema. Na mimi nikampa.

Nimelia. Maharage yameungua. Katika miaka ishirini na mbili sijawahi kumfundisha mtoto kitu kibaya kama hiki.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimesema.

Niliingia, wakasimama, wakaniamkia, wakakaa. Sikukaa. Nikasema: "Ile fomula ya mabano niliyowapa si sahihi. Nilikosea mimi. Nyemo alikuwa sahihi, nikamtoa nje. Nyemo, nisamehe."

Hamisi wa nyuma, mdomo wa darasa, akanyoosha kidole. "Madam, unatupima?" Walidhani ni mtego! Nikawaambia si mtego. Nikaandika ubaoni ile sahihi, na kile kipande chake cha katikati, mbili ab. Nikauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyooo, Madam!"

Sauti ile ile. Ile ile waliyoitikia uongo. Kumbe hiyo "ndiyo" si jibu, ni salamu. Ningewaambia bwawa la Mtera liko Zanzibar wangeitikia.

Nikamwomba Nyemo aje ubaoni. Hakuja. Akasimama tu pale dirishani, macho kwenye dawati. Nikaona hasira yake, na ilikuwa haki yake. Ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Ubaoni padogo, Madam."

Tukatoka nje wote. Akachukua mpini wa jembe stoo, akachora kwenye vumbi mraba wa hatua tano kwa tano. Anavyopima baba yake shamba, alisema. Kisha akaugawa: hatua tatu huku, mbili huku, pande zote mbili. Vikatoka vipande vinne. Kikubwa tisa. Kidogo nne. "Hivi ndivyo vya Madam," akasema. Halafu akasimama ndani ya vile viwili vilivyobaki, kimoja baada ya kingine. Sita. Sita. "Na hivi tumeviacha bila mwenyewe. Mtu ataotesha zabibu bure humu."

Darasa likacheka, na safari hii nami nikacheka. Kipeo cha pili ni mraba, shamba kabisa la kukanyaga. Nina umri wa miaka arobaini na nane na leo ndiyo mara ya kwanza kuuona.

Sikuuliza kama wameelewa. Nikamwambia Hamisi achore wa hatua saba. Alikosea. Wakambishia nusu saa.

Jumanne, 1 Oktoba

Mwalimu Mushi kaniita. Kasikia. "Madam, mwalimu hakosei mbele ya wanafunzi. Unarekebisha kimyakimya, unasonga. Kesho watatubishia wote." Nikamjibu kwamba wakibisha kwa hesabu iliyo sahihi, wabishe. Ameguna. Nimeogopa kidogo, sitaki barua ya onyo uzeeni. Lakini chakula cha mchana kimepita kooni vizuri, jambo ambalo halijatokea siku kumi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimewapa vipande vya karatasi. Andika kitu usichokielewa, somo lolote, usiandike jina. Nilidhani nitapata vitano. Nimerudi na mfuko wa rambo umejaa.

Biolojia: Mmea unakulaje na hauna mdomo?

Jiografia: Wanasema Dodoma iko juu kuliko Dar. Mbona hatukupanda mlima kuja?

Fizikia: Msumari unazama, meli haizami. Kwa nini?

Kiingereza: Mwalimu akiongea naelewa, nikianza kuandika kinakimbia.

Uraia: Bunge liko hapa hapa mjini, hatujawahi kuliona.

Sijamaliza kusoma. Nimechanganyikiwa, na nimefurahi. Watoto hawa si wajinga. Walikuwa wanatufichia, kwa adabu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimemaliza kusoma. Somo lililoongoza kwa "sielewi" ni Historia.

Historia! Somo langu! Mmoja kaandika: Sielewi tunajifunza nini, tunaandika tu. Mwingine: Naweza kutaja miji ya misafara yote lakini sijui waliipitia kwa nini.

Nimenuna tangu saa nne. Nimekataa hata andazi la ofisini. Miaka ishirini na mbili, notisi zangu zinasifiwa wilaya nzima! Nani kamwambia hajui anajifunza nini?

Baadaye. Sawa. Nimezifungua notisi zangu. Misafara ilipita Mpwapwa. Nukta. Hamna kwa nini. Nimewaandikia miaka yote hiyo bila kwa nini, na hakuna aliyeuliza, nami nikaita hiyo nidhamu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeacha notisi nyumbani makusudi. Nikawauliza: una wapagazi mia tano na kiu, mbele yako kuna nyika kavu hakuna kijito, utasimama wapi kwanza? "Kwenye maji!" Wapi kuna maji? Wakakimbilia ramani ya Jiografia. Wakatafuta milima, vijito, wakakokotoa siku za mwendo kwa kilomita, Hamisi akagawanya vibaya, Nyemo akamsahihisha bila kuombwa. Mpwapwa ikatoka yenyewe. Sikuitaja mimi.

Nyemo hajaniangalia usoni bado. Ananiamkia, basi. Simlaumu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Maajabu. Mwalimu Mushi, ambaye ndiye Fizikia, kaja mezani kwangu, kajikohoza. "Vile vikaratasi vyangu viko wapi?" Nikampa bila kutabasamu, Mungu ananiona nilivyojizuia. Saa sita nimemwona nje na beseni la maji, msumari na kifuniko cha bati, kundi limemzunguka mpaka haonekani.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Wamekuja wenyewe kujisomea, karibu nusu ya darasa. Matokeo ya mtihani wa majaribio yametoka: kumi na tisa bado wameandika ile ya kwangu. Kumi na tisa! Uongo una mizizi. Nimewaweka wawili wawili, anayejua na asiyejua. Nyemo amewachukua watatu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kipindi cha mwisho. Nikawauliza, mmeelewa? Wakatazamana. "Mimi hapana, Madam," akasema Hamisi. Wengine wanne wakafuata. Tukarudia mpaka kengele ikatukuta. Nimewaombea.

Alhamisi, 31 Oktoba

Hesabu leo. Wasimamizi wametoka shule nyingine, sisi haturuhusiwi kukaribia. Nimekaa ofisini, nimesahihisha daftari moja mara tatu.

Walipotoka sikumuuliza mtu. Nyemo alikuja mwenyewe.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu."

"Kulikuwa na swali hatukufundishwa."

Akalisema lote, amelishika kichwani. Bustani ya mraba imezungukwa na njia ya upana wa mita moja. Eneo la njia ni mita za mraba arobaini na nne. Tafuta upande wa bustani. Nikaanza kumwomba radhi, kwamba kweli hatukufika huko, kwamba ni kosa langu.

Akanitazama usoni. "Si neno, Madam. Nililichora." Akaenda zake getini, wenzake wanamwita. Jibu hakunipa. Nami sikumwomba.

Nimefika nyumbani, nimevua viatu, nimebandika chai. Nimechukua karatasi na penseli. Nimechora bustani. Nimechora njia. Nimekosea mara ya kwanza, nimesahau kona. Mara ya pili nimezihesabu kona mara mbili. Chai imechemka ikamwagikia jiko. Imenichukua karibu saa nzima.

Mita kumi.