Vidole Vitano vya Shujaa

Volos, Jumapili

Kaka Stamatis,

Huko Melbourne hujambo? Mbuzi wa mama amezaa mapacha.

Mdogo wetu Lefteris hatimaye alimuua Medusa, yule mwenye nywele za nyoka, kwenye mashine ya gemu mkahawani. Shujaa wa gemu akageuka kwenye kioo, akampungia kiganja wazi. Kwa Wajapani walioitengeneza ni salamu. Kwetu Wagiriki, unajua, ni tusi la kulaani. Rafiki yake Pantelis akacheka: "Hata katuni inakulaani, fala wewe!" Lefteris akapasua kioo kwa ngumi, akamchoma shingoni kwa kigae chake.

Pantelis tumemzika jana.

Polisi walipomchukua Lefteris, alimwinulia mama mkono, vidole vitano wazi, vikichuruzika damu. Mpaka sasa mama ananiuliza: alikuwa anaaga, au anatulaani?

Dada yako,
Areti