Nilimchambua Baba Mbele ya Wageni

Mpendwa mshauri,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaniona mtu wa ovyo, maana hili jambo sijamwambia yeyote, na nyumbani tumebaki wawili tu, mimi na baba, na yeye ndiye ninayeshindwa kumwambia.

Mimi ni msichana, niko mwaka wa mwisho shule ya biashara ya chuo kikuu, nasomea shahada ya usimamizi wa biashara, na muhula huu tuna somo ambalo mhadhiri anatuletea biashara zilizokufa, anaficha majina, halafu kila kikundi kinachambua moja na kueleza mbele ya darasa kilichoiua. Zamu yetu ilipofika akawasha projekta, na ukutani ikatokea picha ya kiwanda kidogo cha viatu vya shule, kibao cha jina kimefutwa, lakini ule mlango wa kijani wenye kipande cha bati kilichopigiliwa chini nilikuwa nausukuma mimi kila nikitoka shule, kile kilikuwa kiwanda cha baba, mshauri, na nikakaa kimya kwa sababu wenzangu walishaanza kucheka mhadhiri alipoeleza jinsi mwenye kiwanda alivyomwachia mdogo wake usukani, mdogo mtu akanunua soli mbovu, viatu vikaachama miguuni mwa watoto, na shule zikahama moja baada ya nyingine.

Kiongozi wa kikundi chetu, ambaye tunamwita Meneja kwa sababu hajawahi kuja darasani bila tai, akauliza, "Sasa huyu mzee mwenyewe alikuwa wapi muda wote huo?"

Mhadhiri akasema hilo ndilo swali la kujiuliza, kwamba yeye alipomhoji mwenye kiwanda alijibiwa tu kwamba alikuwa na mambo ya nyumbani.

Mambo ya nyumbani yalikuwa ni mama. Mama alikuwa wodini na baba alikuwa analala kwenye benchi la korido, anamlisha kwa kijiko, anamgeuza ubavu, anamfulia, na habari za soli zilimfikia wakati mambo yameshaharibika, na tulipotoka kuzika hakuwa na mke wala kiwanda. Haya yote nayajua kwa macho yangu, na bado Meneja alipogawa kazi akanipa mimi sehemu ya uongozi, nikaenda kukaa maktaba nikatunga sentensi ambayo mhadhiri aliisifu mbele ya darasa zima: "Mmiliki aliitelekeza biashara yake kwa muda mrefu bila sababu ya kibiashara." Nilijiambia nikiikataa kazi wataniuliza kwa nini, nikiwaeleza wataniangalia kwa huruma, na mimi huruma za watu zimenichosha tangu msibani.

Kikundi chetu ndicho kilichochaguliwa kuwasilisha siku chuo kinapofungua milango kwa vijana wanaotaka kuchagua shahada, wa uhasibu huku, wa masoko kule, na wazazi wao nyuma yao. Baba nilimwambia ni shughuli ya wanafunzi peke yetu. Lakini chuo kilitangaza redioni kwamba wazazi wote wanakaribishwa, na kwenye lile ghala anakofanya kazi ya kutunza stoo redio haizimwi, akaomba ruhusa kwa bosi wake akaja bila kuniambia, nadhani alitaka kunifurahisha.

Nilimwona nikiwa nimeshika kipaza sauti. Aliingia na sare ya ghala, akavua kofia, mtu akamsogezea kiti nyuma kabisa, akakaa, akainua macho, na ukutani nyuma yangu ulikuwepo mlango wake. Mshauri, sentensi ile ilikuwa bado mdomoni. Ningeweza kuimeza. Nikaisema yote, tena kwa sauti niliyoifanyia mazoezi, na watu wakacheka pale pale tulipopanga wacheke, na makofi yalipopigwa nikamwona baba naye anapiga.

Tulipotoka nje alikuja mpaka kwenye kikundi chetu, akatupa mkono mmoja mmoja. Meneja hakumjua ni nani, akamwuliza kwa heshima tu, "Mzee, na wewe umewahi kujaribu biashara?"

"Kidogo," baba akasema. "Zamani."

"Basi umetuelewa."

"Nimewaelewa vizuri. Hongereni." Halafu akanigeukia mimi. "Sauti yako imetulia, mwanangu. Watu wote walikuwa wanakusikiliza." Akavaa kofia akarudi kazini.

Hajaligusia jambo lile tangu siku hiyo. Anakula, ananiaga asubuhi, ananiuliza kama nina nauli. Ila Jumamosi nilirudi nikakuta chini ya kitanda chake pamekuwa peupe, lile sanduku la nyundo, sindano na kalibu za mbao za kuundia viatu, alilohama nalo kila nyumba tuliyopanga, halipo, nikamwuliza, "Baba, vifaa vyako viko wapi?" akasema kampa yule fundi viatu wa pale kona, vilikuwa vinachukua nafasi. Nikaenda chooni nikafungulia maji ili asinisikie.

Na sasa mhadhiri anataka tulirudie wasilisho mbele ya kamera, video hiyo ioneshwe kila mwaka kwa wanafunzi wapya, ameniambia mimi nina kipaji na nikimaliza atanipigania nafasi ya shahada ya uzamili, na anasubiri jibu langu wiki hii. Najiuliza labda baba hakuitambua ile picha. Au labda ameamua yaishe, na mimi nikimfungulia mdomo nitakuwa namtonesha kidonda. Ninyamaze kama anavyonyamaza, au nifanye nini?

Mimi niliyepigiwa makofi

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, hilo la "labda hakuitambua" tuliweke pembeni sasa hivi, wewe mwenyewe huliamini. Mtu haoneshwi mlango wa kiwanda chake ukutani akadhani ni wa jirani. Baba yako alikutambua wewe, akautambua mlango, akaisikia na sentensi. Kisha akapiga makofi kwa sababu asingepiga watu wangegeuka kumwangalia, na wakimwangalia yeye wangekuuliza wewe. Alikufichia aibu yako mbele ya wenzako. Wewe yake ukaianika.

Najua inauma kusikia hivyo. Huruma za msibani zinachosha kweli, sikukatalii, na msichana anayefiwa na mama akiwa bado shuleni ana haki ya kutaka mahali pamoja ambapo watu hawamjui kwa msiba wake. Kukaa kimya darasani siku ile ya kwanza nakuelewa. Kuitunga sentensi ile sikuelewi sana. Kuitamka huku unamwona ameshika kofia yake mapajani, hapo, mwanangu, ulikosea, na usitafute jina lingine la kuliita kosa hilo.

Unaogopa kumtonesha. Mtu aliyetoa vifaa vyake vya kazi nje ya nyumba hajapona, usijidanganye. Anachofanya ni kukubali hukumu yako. Amesikia kutoka kwa mtoto aliyemsomesha kwamba alitelekeza, na anaanza kuamini. Kila siku unayonyamaza ni kama unamwambia tena.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimsubiri sebuleni televisheni ikiwa inapiga kelele. Nenda kamsubiri getini kwenye ghala akitoka kazini, mtembee pamoja, kwa sababu wanaume wa namna yake husema vizuri wakiwa wanaangalia mbele. Anza wewe, na usianze na swali. Mwambie, "Baba, nilijua ni kiwanda chetu tangu siku ya kwanza." Maksi usizitaje. Meneja usimtaje. Mhadhiri naye usimsingizie, yeye aliuliza, akajibiwa tu kwamba ni mambo ya nyumbani. Omba msamaha mara moja, kwa maneno mafupi, halafu nyamaza. Akikasirika, vumilia. Asipokujibu mpaka mfike nyumbani, vumilia vilevile, na usimlazimishe akwambie yamekwisha ili wewe upate usingizi.

Sanduku liache kwa fundi wa kona mpaka baba yako mwenyewe aseme anataka lirudi. Ukikimbilia kulichukua utakuwa unajitibu wewe.

Kwa mhadhiri nenda wiki hii hii, mlangoni kwake, na umwambie mwenye kiwanda ni baba yako na mambo ya nyumbani yalikuwa ni nini. Mwambie hutarekodi, na picha ile isioneshwe tena mpaka mwenyewe aulizwe. Ile nafasi ya uzamili inaweza kupotea. Ikipotea, ipotee. Unasoma jinsi ya kuongoza watu, na hapa kuna mtu mmoja tu wa kumwongoza, nawe umemwacha nyuma kwenye kiti cha mwisho.

Sikuahidi kwamba mtarudi kama zamani. Inawezekana atakusamehe na bado asije tena chuoni, hata siku ya mahafali. Litakuwa ni lako kulibeba.

Ila kuna jambo moja hujaliandika, nami nimelisoma katikati ya mistari. Mle ukumbini walikuwa watu wawili tu waliojua mama yako alivyokufa na nani alikuwa amemshika mkono. Mmoja hakuwa na kipaza sauti. Wewe ulikuwa nacho. Sasa wageni wameshaondoka, aliyebaki wa kukusikiliza ni baba yako peke yake. Nenda ukamwambie kwamba uliona alivyomuuguza.